Karani wa Mishahara na Kompyuta: Je, Kazi Hii Itadumu?



Katika vikundi vyetu vingi, mama akipata zamu yake ya pesa za mzunguko, jambo la kwanza kufikiria ni karo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne hupelekwa kusomea ukarani, maana kazi ya ofisini huonekana kuwa salama. Kabla hatujatoa pesa hizo, tuitazame vizuri kazi moja ya aina hii, yaani ile ya karani wa mishahara.

KARANI HUYU HUFANYA NINI?

Kila mwezi hukusanya rejista ya waliofika kazini, saa za ziada na, katika mashamba ya chai, kilo alizochuma kila mtu. Kisha hutoa makato. Kwa mfano, anayepata shilingi 30,000 hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Hiyo ni shilingi 825. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani shilingi 450. Bado NSSF na kodi ya mapato. Makato hayo hupelekwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita.

Mnaona wenyewe: sehemu kubwa ni hesabu ile ile, mtu baada ya mtu. Na kazi ya kurudiarudia ndiyo kompyuta huipenda.

HATARI IKO WAPI?

Jambo hili halikuanza jana. Huko London, kampuni ya chai na keki iitwayo J. Lyons ilijiundia kompyuta, ikaipa jina LEO. Kufikia 1954 ilikuwa ikihesabu mishahara. Hesabu ya mfanyakazi mmoja iliyomchukua karani mzoefu dakika 8, mashine iliimaliza kwa sekunde moja na nusu. Mwaka wa 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Frey na Michael Osborne, walipima kazi 702 za Marekani. Karani wa mishahara alikuwa miongoni mwa walio katika hatari kubwa kabisa.

Hapa kwetu pia, bahasha za pesa taslimu zimepungua. Wengi hulipwa kwa benki au M-Pesa, na mwajiri hupeleka taarifa za kodi kwa kompyuta. Ofisi iliyohitaji makarani watano yaweza kutosheka na mmoja au wawili.

KOMPYUTA HAIWEZI NINI?

Kompyuta hufuata ilichoambiwa. Mama akiwa nyumbani kwa likizo ya uzazi, naye msimamizi amwandike kuwa hakufika kazini, mashine itamkata bila kuuliza, ingawa sheria inampa miezi 3 yenye mshahara kamili. Kiwango cha makato kikiingizwa vibaya, watu 500 wataumia kwa dakika moja. Kwa hivyo anatakikana mtu anayeijua sheria, anayekagua, na anayeweza kumweleza mfanyakazi kwa upole kwa nini pesa zake zimepungua. Karani wa kunakili tarakimu ataondoka. Karani wa kukagua na kueleza bado atatafutwa.

TUFANYE NINI?

1. Mzazi, kabla ya kulipa karo, uliza chuo: Mtoto atafundishwa programu za mishahara? Atajifunza sheria za kazi na kodi? Cheti chake kinamwezesha kuendelea na mitihani ya uhasibu ya KASNEB? Wakikosa jibu, shika pesa zako.

2. Wewe uliye kazini tayari, usingoje. Jifunze programu inayotumika ofisini mwako, kisha ujifunze ukaguzi wa hesabu. Ujuzi huo unafaa hata katika Sacco na vyama vya ushirika.

3. Kazi ikiisha kwa sababu ya mashine, jua haki yako. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, na afisa wa leba ajulishwe. Likizo ambayo hukuchukua ulipwe. Tena kuna malipo ya kuachishwa, yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima uliofanya kazi. Aliyefanya miaka 12 anadai siku 180. Usitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kupiga hesabu hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Ni vijana wangapi wa kijiji chetu wanasomea ukarani sasa? Wanafundishwa kunakili au kukagua? Na mweka hazina wetu, je, anaweza kumweleza kila mwanachama jinsi alivyopata hesabu yake? Akiweza, tayari tuna mwalimu. Tumwombe awakalishe vijana wetu karibu naye siku ya hesabu.