Nilimwekea yaya mshahara, kumbe namdhulumu

ILIKUWA katikati ya Juni 2023. Nilikuwa nimepanga foleni mbele ya benki moja hapa Bujumbura, jua la saa 5 asubuhi likinichoma kisogoni, mkononi nimeshika bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na noti za faranga 10,000 na 5,000. Hazikuwa zangu.

Wasomaji mtazikumbuka siku zile. Benki Kuu, BRB, ilikuwa imetangaza kuziondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000, na wenye nazo tulipewa siku 10 tu kuzipeleka benki. Kina mama wa soko la Ruvumera, wauza mawese, madereva wa teksi na walimu kama mimi, wote tulijikuta kwenye mstari mmoja na fedha tulizokuwa tumezificha chini ya godoro.

Fedha za bahasha yangu zilikuwa mshahara wa miezi 7 wa binti aliyekuwa akinisaidia kazi za nyumbani. Alikuwa na miaka 18, mtoto wa familia ya warejeaji kama mimi, kutoka Makamba. Tulikubaliana faranga 40,000 kwa mwezi. Siku alipomleta, mama yake aliniambia: "Mwalimu, usimpe hela mkononi, atazichezea. Mwekee, arudi nazo nyumbani zikiwa nzima."

Nikamwekea. Sikuona ubaya wowote. Hata kule Ulyankulu, mkoani Tabora, nilikozaliwa na kusomea ukimbizini, mabinti waliokwenda kufanya kazi mjini waliwekewa hivyo hivyo, na tajiri aliyeweka alisifiwa kuwa ni mtu mwema.

Pale kwenye foleni nikaanza kupiga hesabu. Miezi 7 mara 40,000 ni 280,000. Nikahesabu zilizomo ndani ya bahasha: 235,000. Nikarudia mara ya pili, zikawa zile zile.

Ndipo nikakumbuka. Faranga 25,000 nilizikata mwezi wa Februari alipovunja chupa ya chai. Sikumwambia, nilizikata kimoyomoyo. Faranga 20,000 nilizichukua mwenyewe mwezi wa Machi mshahara wangu ulipochelewa, nikajiambia nitazirudisha. Sikuzirudisha.

Isitoshe, hata zile zilizobaki hazikuwa na nguvu zile zile. Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua hili kuliko mimi. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo faranga ilishushwa thamani, dola moja ikapanda kutoka kama 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa bei ya benki. Mshahara wa Novemba ulipungua ukiwa umelala kwenye bahasha yangu. Kama binti yule angeupokea Novemba, angenunua vitenge viwili na viatu. Mwezi wa Juni nisingekuwa na uhakika hata wa kitenge kimoja.

Nami nilishakatwa

Kilichonitia aibu zaidi ni kwamba maumivu ya kudhulumiwa mshahara nayafahamu vizuri. Wazazi wangu walikimbia mauaji ya 1972. Mimi nilirejea Burundi mwaka 2009, nikiwa na cheti changu cha ualimu cha Tanzania na lugha 3: Kirundi cha nyumbani, Kiswahili na Kiingereza. Kifaransa sikukijua zaidi ya salamu.

Nikapata kazi katika shule moja ya binafsi. Kila mwisho wa mwezi nilipewa bahasha na karatasi ya kutia saini, imeandikwa Kifaransa. Miezi 3 ya mwanzo nililipwa tulivyokubaliana. Mwezi wa 4 nikapewa theluthi mbili, nikaambiwa "nyingine zitafuata." Hazikufuata. Nilipoamua kuondoka niliwekewa karatasi ya mwisho, nikasaini. Miezi kadhaa baadaye mwenzangu aliyesoma Kifaransa aliniona nayo, akacheka kwa huzuni. Juu yake pameandikwa maneno "solde de tout compte." Maana yake ni kwamba nimekiri kulipwa kila kitu na sidai kitu.

Warejeaji wenzangu, yakumbukeni maneno hayo. Ukiletewa karatasi yenye maneno hayo na hujalipwa zote, usisaini kabla hujasomewa na mtu unayemwamini. Kama huna budi kusaini, andika kwa mkono wako kiasi ulichopokea na kiasi unachodai, kisha uombe nakala.

Tena si mayaya na walimu tu. Nenda kwenye gereji za Buyenzi uwaulize vijana waliojaa grisi hadi viwikoni. Wapo wanaokaa miaka 2 au 3 wakiitwa "wanafunzi," wanafungua injini na kuifunga, mteja analipa, wao wanapewa hela ya chakula tu. Nenda kwenye maduka, utasikia kijana akikatwa "upungufu" ambao hakuonyeshwa hesabu yake. Maneno ni mengi: nakuwekea, unajifunza, umevunja, biashara mbaya, subiri wiki ijayo. Mwisho wa yote ni mmoja, kijana anarudi kwao mikono mitupu.

Sheria inasemaje?

Burundi ina Sheria ya Kazi. Ile ya Julai 7, 1993 ilifanyiwa marekebisho makubwa, ikatoka mpya Novemba 24, 2020. Hii mpya inataja pia kazi za sekta isiyo rasmi, ambako ndiko vijana wetu wengi walipo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba wewe ni yaya tu, au mbeba mizigo tu, na sheria haikuhusu.

Mshahara ni deni la mwajiri kwa kazi iliyokwishafanywa. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano. Tatizo ni kuyathibitisha.

Kwa upande wa wafanyakazi wa nyumbani, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba namba 189 mwaka 2011. Mkataba huo unasema mfanyakazi wa nyumbani alipwe fedha zake moja kwa moja, kwa vipindi vinavyojulikana, angalau mara moja kwa mwezi. Zingatia hayo maneno "moja kwa moja." Asilipwe mama yake, wala mjomba aliyemleta, wala bahasha ya mwalimu.

Ni kweli kwamba sheria zetu zina mapengo. Kima cha chini kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku katika Bujumbura na Gitega, na 105 kwingineko. Kwa zaidi ya miaka 30 kiliendelea kuwa hicho hicho, wakati faranga 160 zilikuwa hazinunui hata andazi. Ndiyo sababu yale mnayokubaliana siku ya kwanza yana uzito mkubwa, kwani kima cha chini hakitakuokoa.

Ukidhulumiwa hapa Bujumbura, anza kwa kudai kwa upole mbele ya shahidi. Mkuu wa nyumba kumi au Bashingantahe wa mtaa wanaweza kuwakalisha chini. Ikishindikana, nenda kwa Mkaguzi wa Kazi, ofisi ambayo kwa Kifaransa huitwa Inspection du Travail, awasuluhishe. Baada ya hapo ipo Mahakama ya Kazi. Vyama vya wafanyakazi kama COSYBU na CSB navyo vipo, na kuuliza si ujinga.

Ng'ambo ya Manyovu

Wasomaji wetu wengi wana watoto au wadogo wanaovuka Manyovu kwenda kulima mashamba ya Kigoma na Kasulu, kisha kurudi baada ya mavuno. Wapo waliorudi na hadithi moja: siku ya malipo tajiri anasema, "Ukinisumbua nawaita uhamiaji." Kijana asiye na karatasi anakimbia na kuacha jasho lake shambani.

Kinga ya kwanza ni kuvuka na hati halali, hata kama foleni ni ndefu. Ya pili ni kuijua sheria ya huko. Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwajiri haruhusiwi kukata mshahara ovyo. Akitaka kukata kwa sababu ya kitu kilichoharibika au kupotea, ni lazima uharibifu huo uwe umetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, maelezo yatolewe kwa maandishi, mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea, makato yasizidi hasara yenyewe, na yasivuke robo ya mshahara. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa madai ya mshahara muda wa kupeleka ni siku 60, na kwa kufukuzwa kazi ni siku 30. Wengi hukosa haki zao kwa kuchelewa tu.

Niliposoma masharti hayo niliikumbuka chupa yangu ya chai. Faranga 25,000 katika mshahara wa 40,000 ni zaidi ya nusu. Sikuandika kitu, wala sikumpa nafasi ya kujitetea. Kwa kipimo cha nchi iliyonilea, nilikuwa nimekosa kila sharti.

Hesabu mbili ndani ya nyumba moja

Siku ile nilifanikiwa kuziweka zile noti kwenye akaunti yangu. Wiki iliyofuata nilitoa 280,000, nikiwa nimejazia zile 45,000 kutoka mfukoni mwangu, nikamwita binti sebuleni. Nikamweleza yote, pamoja na ile 20,000 ya Machi. Nikamwomba radhi.

Alinyamaza kwa muda, kisha akaenda chumbani kwake, akarudi na jalada la daftari lililochanika. Ndani yake alikuwa amechora vijistari kwa penseli, kimoja kwa kila mwezi. Pembeni alikuwa ameandika "chupa."

"Mwalimu, naomba usinikasirikie," alisema akiangalia chini. "Mimi nilifika hapa katikati ya Oktoba. Zile wiki 2 hazimo."

Nilikuwa nimezisahau kabisa. Mimi, mwalimu mwenye kalamu nne mezani, sikuwa na hesabu. Yeye aliyeishia darasa la 6 alikuwa nayo, na alikuwa amejua muda wote kwamba chupa itakatwa, akasubiri kwa woga. Nikaongeza 20,000, zikatimia 300,000.

Tangu siku hiyo tulikuwa na madaftari mawili, moja lake na moja langu. Kila mwisho wa mwezi tuliandika tarehe na kiasi, wote wawili tukatia saini. Baadaye nikawa namtumia kwa Lumicash kwenye simu yake, ujumbe ukabaki kuwa ushahidi. Akitaka kuweka akiba anaweka mwenyewe. Akitaka nimtunzie, anasema yeye, na anaweza kuzidai siku yoyote.

Mama yake hakufurahi. Alinipigia simu akilalamika kwamba nimemharibu mtoto. Nilimjibu kwa heshima, "Mama, jasho ni lake." Aliikata simu. Miezi michache baadaye binti aliniaga, akaenda Nyanza-Lac kuuza mawese kwa mtaji wake. Sijui kama biashara itamkubali, lakini alikwenda nazo zikiwa nzima, kama mama yake alivyotaka.

Kijana unayesoma makala haya, anza leo. Tafuta daftari, uandike siku uliyoanza kazi, kiasi mlichokubaliana na kila unachopokea. Karatasi ya Kifaransa isomewe kwanza. Usikae mwaka mzima ukisubiri.

Nasi tunaoajiri, misikitini na makanisani tumefundishwa kwamba ujira wa mtu usilale kwetu. Fungua kabati lako jioni ya leo uangalie. Kama kuna bahasha ya mtu, mpe.