Fremu za duka, ghorofa ya pili: Kibali huhitajika lini?

WAMILIKI wengi wa nyumba mijini huamini kuwa, maadamu kiwanja ni chao na hati wanayo, ruhusa ya kujenga nayo wanayo. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwa kawaida ni halmashauri.

Neno "kuendeleza" ndilo linalowaponza wengi. Halihusu nyumba mpya pekee; linagusa pia kuongeza vyumba, kupandisha ghorofa, na hata kubadili matumizi ya jengo bila kuongeza tofali moja.

Mfano uliozoeleka jijini Dar es Salaam ni fremu za maduka. Mwenye nyumba huvunja uzio wa mbele, akajenga fremu tatu na kuzipangisha. Hapo yamefanyika mambo mawili: ujenzi, unaohitaji kibali, na kugeuza makazi kuwa biashara, jambo linalohitaji idhini yake lenyewe. Ndiyo maana mabango ya kusudio la kubadili matumizi husimikwa viwanjani, ili majirani wapate nafasi ya kuweka pingamizi. Fremu zilizoingia katika hifadhi ya barabara ni balaa jingine. Hizo ndizo hupakwa alama nyekundu ya X.

Kupaka rangi, kubadili vigae au kuziba paa linalovuja ni matengenezo ya kawaida. Kuvunja ukuta wa ndani si hivyo, kwani huenda ndio uliobeba zege la juu, na hilo fundi wa mtaani hawezi kulibaini kwa kuugonga nyundo.

Ghorofa ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa wakati huo kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo. Msingi hukadiriwa kwa mzigo ulioonyeshwa katika michoro. Mwenye kibali cha ghorofa moja hana budi kurudi halmashauri na michoro mipya kabla ya kuongeza ya pili.

Aliyejenga bila kibali anaweza kuamriwa kusimamisha kazi au kubomoa kwa gharama zake, na anayeinunua nyumba hiyo huinunua pamoja na mgogoro wake.