Unataka kufungua bwawa la watoto? Leseni ya duka haitoshi

Dada mmoja wa Rujewa anayeuza nguo za watoto WhatsApp kaniuliza inbox: amepata bwawa la kupuliza, joto la Usangu mnalijua, anataka alijaze uani kwake sikukuu ya Krismasi, kila mtoto buku mbili. Leseni anayo. Je, aanze kupost?

Dada yangu, subiri kidogo. Leseni ya biashara inaandikwa kwa aina ya biashara na mahali inapofanyika. Ya nguo haibebi bwawa. Nenda kwa afisa biashara wa Halmashauri ya Mbarali, ofisi ziko hapo hapo Rujewa, umuulize ombi lako liingizwe vipi kwenye mfumo wa TAUSI. TIN uwe nayo mkononi. Halafu pita kwa afisa afya, maana Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 inampa nguvu ya kukagua. Mkaribishe wewe kabla hajakukuta na watoto arobaini majini.

Hayo ya karatasi ni mepesi. Gumu ni hili: nani ataendesha maji? Marekani kuna watu wanasomea kazi hiyo, na cheti chao kinaisha baada ya miaka 5. Hapa kwetu tunamwachia kijana yeyote na ndoo ya klorini.

Tupige hesabu. Bwawa la mita 3 kwa 2, maji nusu mita, ni lita 3,000. Klorini inayotakiwa ni miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Ili ifike 2 kwa unga wa asilimia 65, unahitaji gramu 9 tu. Tisa! Wengi wanachota konzi, tuseme gramu 60, maji yanaruka mpaka 13, watoto wanatoka macho mekundu. Kisha jua la mchana linaila ile klorini ndani ya masaa machache, kwa hiyo kupima asubuhi peke yake hakusaidii. Nunua karatasi za kupimia, na pH ikae kati ya 7.2 na 7.8. Ile harufu kali watu wanayosema "hapa pasafi" mara nyingi ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo.

Bwawa halina pampu ya kuchuja? Mwaga maji kila jioni. Ukiona sakafu haionekani, watoto watoke hapo hapo. Na awepo mtu mzima anayejua kuogelea, kazi yake kuangalia watoto tu. Asiwe wewe unayejibu wateja kwenye simu. Mtoto anazama kimyakimya, hapigi kelele.

Na nyie mnaonunua ndoo ya klorini, mnaigawa kwenye chupa za maji ya kunywa na kuipost "bei poa": kemikali ina sheria yake ya 2003, na unatakiwa usajiliwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ofisi ya kanda iko Mbeya. Chupa ya maji mtoto anaweza kuinywa. Klorini za aina mbili tofauti zikichanganywa zinaweza kulipuka, na ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu. Unaitia klorini kwenye maji, usimwagie maji klorini.

Mwenye bwawa aandike hapo chini urefu, upana na kina, tumpigie hesabu ya gramu.