ASHIKI SI MAHABA

Mji wa Mocímboa da Praia, Kaskazini mwa Cabo Delgado, ulitekwa na waasi Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 8, 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Askari alindaye mji kama huo, miezi mingi mbali na mwenziwe, hana budi kujua kuwa ashiki na mahaba ni mambo mawili.

Ashiki huchochewa na homoni, hasa testosteroni, kwa mume na kwa mke pia. Hutafuta mwili, wala haichagui sana. Mahaba humshika mtu mmoja. Mwaka 2005 Arthur Aron, Helen Fisher na wenzao wa Marekani walipima bongo za watu 17 waliozama katika mapenzi. Walipoonyeshwa picha ya mpenzi, sehemu za ndani zenye dopamini nyingi zilichangamka kuliko walipoonyeshwa picha ya mtu wamjuaye tu.

Ndugu askari, binti aliyerejea kwenye nyumba iliyoungua huenda akaiamini sare yako. Ahadi ya ndoa itolewayo kwa ashiki humjeruhi mara ya pili. Subiri joto lipoe. Likipoa, nawe ungali ukimwaza yeye peke yake, nenda kwa wazee wake.