Daraja la Meno la Muda na Utunzaji Wake

Kila mwanachama ajua kuwa karafuu hutuliza jino linalouma. Lisilojulikana na wengi ni kwamba zao letu hilo hilo husaidia pia kulishika jino la bandia. Kwa kuwa wako wenzetu waliovishwa daraja la meno, na wengine watavishwa, twaona yafaa kulieleza jambo hili.

Mtu aliye na pengo, daktari huweza kuyachonga meno mawili ya kando, kisha akayavika daraja lenye jino la bandia katikati. Daraja la kudumu hutengenezwa na fundi, na kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 4. Katika muda huo mgonjwa huvaa daraja la plastiki. Hili si pambo tu. Huyafunika meno yaliyochongwa yasiume, na huyazuia yasisogee.

Saruji ya kulishikia mara nyingi hukorogwa kwa oksidi ya zinki na yujinoli, na yujinoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, kiasi cha 70 hadi 90 kwa mia. Saruji hiyo ni dhaifu kwa makusudi, ili daktari alibandue daraja bila ya kuyadhuru meno. Ikiwa daraja la kudumu litashikwa kwa gundi ya namna nyingine, huenda akachagua saruji isiyo na yujinoli, maana yujinoli huizuia gundi hiyo isikauke sawasawa.

Basi mwenye daraja la muda na ajichunge. Aache halua, tende na ubani wa kutafuna, maana hunata na kulivuta. Aache miwa, mifupa na mahindi makavu ya kuchoma. Atafune kwa upande wa pili. Na akiwa mkarafuuni asikate kamba kwa meno.

Apige mswaki laini asubuhi na usiku, hasa pale daraja linapokutana na ufizi. Akipitisha uzi baina ya meno, autoe kwa kuuvuta ubavuni, asiunyanyue juu.

Daraja likibanduka, lisitupwe. Lioshwe, liwekwe katika kikopo safi, na mwenyewe aende kwa daktari siku hiyo au ya pili yake. Asiligandishe kwa gundi ya dukani, wala asilale nalo likiwa limelegea, asije akalimeza au likampalia.

Hapa ndipo penye hatari kwetu wakulima. Karafuu zikiwiva hazingoji, zikichanua zimeharibika. Mtu husema, "Nitakwenda tukisha kuchuma." Wiki zikapita, meno yakasogea, na daraja la kudumu likaletwa halimwingii. Hapo hulazimu kuanza upya, na gharama ni juu yake. Kwenda hospitali ni kupoteza siku moja tu ya uchumaji.

Ganzi ya maji baridi si ajabu. Lakini uvimbe, usaha, au maumivu kila aumapo chakula, amwone daktari upesi.

Mwisho, mafuta ya karafuu yasimiminwe matupu juu ya ufizi, kwani huunguza. Chupa iwekwe mbali na watoto. Mtoto akiyanywa, hata kidogo, yaweza kumdhuru vibaya.

Twawashauri wanachama wanaotaka kutengenezewa daraja wamalize kazi hiyo kabla ya msimu haujaanza.