Je, Wajua? Alama moja yaweza kufuta faili lako

Kwenye Linux, ukiandika amri ls > orodha.txt, majina ya mafaili hayatokei kwenye skrini. Yanaingia moja kwa moja ndani ya faili la orodha. Lakini angalia sana: alama ya > hufuta kwanza yaliyomo, kabla hata programu haijaanza kazi. Ndiyo maana sort majina.txt > majina.txt hukuachia faili tupu! Ukitaka kuongeza chini ya yaliyopo, andika >>. Ujumbe wa makosa hupita njia yake, nao hunaswa kwa 2>. Matokeo yaweza pia kwenda kwingine badala ya faili: kwenye Windows, dir | clip hupeleka matokeo kwenye ubao wa kunakili, tayari kubandikwa popote. Kwenye Mac, badala ya clip, tumia pbcopy. Ukielekeza matokeo kwenye faili, kabla ya kubonyeza Enter, hakikisha: umeweka alama moja au mbili?