Vito vya Chariti: Kuvichagua na Kuvitunza Hapa Uingereza

Msimu wa harusi ukikaribia, kina mama na kina dada wa jumuiya yetu hapa Uingereza huanza kuulizana habari za dhahabu. Sare imeshashonwa, viatu vipo, kilichobaki ni cha shingoni, masikioni na mkononi. Ukienda kwa masonara wa Green Street, mashariki mwa London, bei ya gramu moja inakutoa jasho. Ndiyo maana wengi sasa wanapita kwenye maduka ya hisani, yale tunayoyaita chariti, na mimi nasema wamefanya vyema. Tatizo ni kwamba tunanunua vizuri na kutunza vibaya. Mkufu uliokaa salama kwa bibi wa Kiingereza miaka 50 unaharibika kwetu ndani ya msimu mmoja wa baridi.

Oxfam, shirika lililoanzishwa mwaka 1942, lilifungua duka lake Broad Street mjini Oxford mwishoni mwa miaka ya 1940. Leo Uingereza ina maduka ya hisani zaidi ya 10,000, na kila moja huuza kile ambacho mtaa wake umetoa. Mtaa wenye wazee wengi ndio wenye vito vya zamani. Lakini asikudanganye mtu kwamba utaokota dhahabu kwa pauni 2. Mashirika makubwa yana watu wa kuchambua, na cha thamani huwekwa kwenye kabati la kioo au huuzwa mtandaoni kwa bei yake. Kinachofaa kutafutwa ni fedha, shanga, bizimu na vito vya bandia vya kati ya miaka ya 1950 na 1980. Kwa hereni, tazama kwanza kama ni za kutoboa au za kubana, maana za zamani nyingi ni za kubana na zinaumiza sikio kabla ya biharusi hajaingia ukumbini.

Kabla ya kutoa pesa, geuza pambo uone mgongo wake. Kwa sheria ya mwaka 1973, kitu kinachozidi gramu 1 ya dhahabu au gramu 7.78 za fedha hakiuzwi kwa jina la dhahabu au fedha mpaka kipigwe muhuri na ofisi rasmi ya upimaji. Ofisi hizo ni nne, na kila moja ina alama yake: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, waridi ni Sheffield, ngome ni Edinburgh. Piga picha ndani ya pete kwa simu, kisha ikuze. Utaona herufi za mtengenezaji, namba, na alama ya ofisi. Namba 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, na 916 ni karati 22, ile tuliyoizoea nyumbani na Dubai. Fedha ni 925. Namba peke yake isiyo na alama ya ofisi isikutoshe, kwani yeyote anaweza kuigonga. Na ukiona herufi EPNS, hiyo ni aloi ya shaba na nikeli iliyochovywa fedha. Wenye ngozi inayowasha nikeli wajihadhari.

Lulu zina kipimo chake. Uzi wa lulu nzuri hufungwa fundo kati ya punje na punje. Sugua punje moja taratibu kwenye jino: lulu ya kweli, hata ya kufugwa, inakwaruza kidogo, ya kioo inateleza.

Kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa pwani. Pembe za ndovu zilizopita soko la Zanzibar karne ya 19 nyingi ziliishia Ulaya, zikawa funguo za piano, vipini vya visu na bangili. Tangu Juni 2022 sheria ya Uingereza inakataza biashara ya pembe hizo, isipokuwa kwa misamaha michache, na bangili ya pembe tupu ni nadra sana kuingia humo. Januari 2025 meno ya kiboko yaliongezwa. Magamba ya ng'amba nayo yamewekewa vizuizi vikali vya kimataifa. Ukikuta vitu hivi dukani, mwambie msimamizi, wala usivitie kwenye begi la kwenda Dar au Mombasa.

Sasa utunzaji. Kopo la biskuti ndilo linaloua vito vyetu. Humo kila kitu kinasuguana, na kigumu hukikwaruza laini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10, yakuti ni 9, Tanzanite yetu, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, iko kati ya 6 na 7, na lulu haifiki 5. Ukizilaza pamoja, lulu na Tanzanite ndizo zitakazoumia. Bibi zetu waliyaelewa haya: kasha la Kizanzibari lenye njumu za shaba lilikuwa na kisanduku kidogo ndani ubavuni, na vitu vidogo vya thamani vikawekwa humo, mbali na nguo.

Adui wa pili ni hewa ya nyumba zetu. Chumba cha kupanga chenye madirisha yanayotoka jasho, nguo zinaanikwa ndani Januari nzima, hapo shaba hutoa kutu ya kijani na kutu hiyo huhamia kwa jirani. Usiweke vito bafuni. Fedha huwa nyeusi kwa salfa iliyomo hewani, na salfa hutoka pia kwenye sufu na kwenye mipira ya kufungia, kwa hiyo usiviringishe mikufu kwa mpira. Kila kipande cha fedha kikae kwenye kimfuko chake cha kufunga, pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Lulu na opali zisifungiwe hivyo, zikikauka mno zinapasuka. Zifunge kwa kitambaa laini cha pamba. Manukato upake kwanza, lulu uvae mwisho.

Plastiki ya zamani ina hatari yake. Ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto ikatoa harufu ya kafuri, huenda ni seluloidi. Inashika moto upesi, na ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma cha karibu yake. Itenge, mahali penye hewa.

Huna haja ya kununua bweta la bei. Trei ya kugandishia barafu inabeba hereni, jozi kwa jozi, ndani ya droo. Mwenye nyumba akikataa kutoboa ukuta, chukua fremu ya picha kutoka chariti ileile, toa kioo, kaza wavu, uiegemeze juu ya kabati na uning'inize hereni za ndoano. Mkufu mwembamba upitishe ndani ya mrija wa kunywea soda kisha ufunge kishikizo, hautajisokota. Shanga nzito zilazwe. Zikining'inizwa zinavuta uzi mpaka ukatike.

Usichokivaa tena kirudishe dukani, kikiwa safi na jozi yake imekamilika. Kama unalipa kodi ya kutosha hapa, jaza fomu ya Gift Aid siku hiyohiyo: kwa kila pauni 1 itakayopatikana kwa kuuza mchango wako, shirika hudai serikalini peni 25 zaidi.